Usijiwekee Lengo la Maiti

Mtu akikaa mbele ya mnasihi kwa mara ya kwanza na kuulizwa anataka nini, jibu huwa karibu lile lile, awe mwanafunzi wa chuo, mhasibu au mama mwenye duka. "Nataka huu wasiwasi uniishe." Au: "Nataka nisikosee tena." Au: "Nisiwe namwogopa bosi." Ni maombi ya haki kabisa. Asiyepata usingizi wiki ya tatu sasa, ambaye moyo unamwenda mbio simu ikilia tu, hawezi kulaumiwa kwa kutaka yaishe.

Mnasihi anayefanya kazi kwa malengo ataliandika jibu hilo, kisha atalikataa kwa upole. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Ogden Lindsley, ambaye kazi yake ilikuwa kupima tabia za watu, aliweka kipimo kikali kidogo lakini chenye manufaa: jambo ambalo hata maiti anaweza kulifanya, hilo si tendo. Maiti hana wasiwasi. Maiti hakosei. Maiti hamwogopi bosi, hatetemeki akishika maikrofoni, wala hamjibu mkwewe vibaya. Kwa malengo ya namna hiyo maiti atakushinda kila siku, na wewe utalala umechoka ukijiona umeshindwa.

Kwa hiyo kabla ya mbinu yoyote, lirekebishe lengo lenyewe. Wengi huiruka hatua hii. Wananunua vitabu, wanajifunza kupumua, wanaamka saa kumi alfajiri kuandika shajara, na yote hayo wanayafanya kwa ajili ya lengo lililoandikwa na wasiwasi wenyewe. "Nisiogope tena" ni maneno ya woga. "Nisikosee kamwe" ni maneno ya ule ule ukamilifu unaokutesa. Ukiyafuata, unautumikia ugonjwa huku ukidhani unautibu.

Wasiwasi unavyojilisha

Wasiwasi una kazi yake mwilini. Mwili ukihisi hatari haungoji uchunguzi. Unamwaga adrenalini, moyo unasukuma damu kwenda kwenye misuli, pumzi zinakuwa fupi, tumbo linavurugika, viganja vinatoa jasho. Shida ni kwamba kinga hiyo haipambanui kati ya nyoka na barua pepe ya meneja. Ni kama king'ora cha gari kinacholia usiku kucha kila paka akirukia boneti. Mtambo ni mzima, ila umetegeshwa karibu mno. Na wenye wasiwasi wengi hutumia maisha yao kufukuza paka.

Kufukuza paka ndiko kukwepa. Unaahirisha kikao, unamwomba mwenzako aongee badala yako, unakunywa bia mbili kabla ya mkutano wa ukoo, unasoma barua mara kumi kabla ya kuituma. Kila ukikwepa, nafuu inakuja papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokuharibia: akili inajifunza kwamba umesalimika kwa sababu ulikimbia. Safari ijayo hofu inakuja na nguvu zaidi, na eneo la kukimbilia linapungua.

Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915, aliwahi kutibu wanajeshi ambao vita viliwaachia hofu isiyokwisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza njia iliyo kinyume cha kukimbia: kuiendea hofu kwa ngazi, kuanzia ile inayovumilika hadi kubwa kuliko zote. Mambo mengine ya mbinu yake yamebadilika. Yeye alisisitiza mgonjwa alegeze mwili kwanza. Leo wanasihi wengi hawaoni kuwa ni lazima, kwani unaweza kupanda ukitetemeka. Ngazi imebaki.

Msomaji wa pwani atakuwa amekutana na jambo hili kwa sura nyingine. Kuna watu hutawadha mara nne, mara sita, wakiamini maji hayakufika kwenye kiwiko, hadi sala inawapita. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni ya zamani kwamba yakini haiondolewi na shaka, na mwenye wasiwasi wa namna hiyo huambiwa asiusikilize, aendelee na ibada yake. Tiba ya saikolojia inatoa ushauri huo huo kwa mtu anayerudi mara tano kuhakikisha amefunga mlango.

Ukamilifu na watu wanaokutegemea

Kutaka kazi nzuri si maradhi. Fundi cherehani anayefumua mshono uliopinda anastahili sifa, na mimi nampelekea nguo zangu. Tofauti inaonekana pale kosa linapotokea. Fundi wa kawaida anasema, "Nimekosea hapa," anafumua, anashona upya. Mwenye ukamilifu wa kuumiza anasikia, "Mimi si fundi." Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Roz Shafran na wenzake, waliueleza hivi: mtu anaegemeza thamani yake yote kwenye kufikia viwango vikali alivyojiwekea, na anaendelea kuvifukuzia hata vinapomdhuru. Cha ajabu ni kwamba akivifikia hafurahi. Anasema kazi ilikuwa rahisi, kisha anakiinua kiwango.

Huko Canada, Paul Hewitt na Gordon Flett walionyesha mwaka 1991 kwamba ukamilifu una pande tatu: ule ninaojidai mwenyewe, ule ninaowadai wengine, na ule ninaoamini kwamba wengine wananidai. Huu wa tatu ndio mkali zaidi. Watafiti Thomas Curran na Andrew Hill walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 40,000 wa Marekani, Canada na Uingereza yaliyotolewa kati ya mwaka 1989 na 2016. Pande zote tatu zilikuwa zimepanda, na upande wa tatu ndio uliopanda kwa kasi kubwa kuliko nyingine.

Takwimu hizo ni za kwao, lakini mazingira ya kuukuza huo wa tatu tunayo tele. Kenya, matokeo yakitoka, aliyeongoza hubebwa juu juu na ndugu wakiimba mbele ya kamera. Tanzania, divisheni wani ya pointi saba humfuata mtu hadi kwenye hotuba ya harusi yake. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwanzoni mwa mwaka 2023, hatua njema, ingawa kwenye magrupu ya WhatsApp ya koo zetu orodha hiyo haijafutwa na mtu. Kisha kuna mtoto aliyesomeshwa kwa ng'ombe waliouzwa, ambaye leo analipa ada za wadogo zake watatu. Huyu akikosea kazini hakosei peke yake.

Ndiyo maana sina subira na ushauri unaoletwa na vitabu vya maduka ya uwanja wa ndege: usijali watu wanasema nini. Kwetu watu ndio bima ya afya, ndio mkopo wa dharura, ndio watakaokuzika. Kuwajali ni akili timamu. Anachoweza kufanya mnasihi mzuri ni kukusaidia kutenganisha wale wanaokutegemea kweli na wale unaowahofia tu, halafu kuuliza kila mmoja anahitaji nini hasa kutoka kwako. Mara nyingi mama kijijini anahitaji simu ya Jumapili na hela ya dawa. Hajawahi kuomba uwe mfanyakazi bora wa mwaka.

Kuandika lengo la mtu aliye hai

Mjini Milwaukee, Marekani, Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg walianzisha mwaka 1978 kituo cha tiba fupi ambacho kilipata umaarufu kwa swali moja la muujiza. Naliweka hapa kwa mfano wa kubuni. Mteja ni mhasibu wa miaka 31 katika kampuni inayoagiza vipuri Kariakoo. Mnasihi ni mama wa makamo.

"Dada, tuseme usiku wa leo umelala, na ukiwa usingizini shida hii imeondoka. Hakuna aliyekuambia. Kesho asubuhi utagundua kwa kitu gani?"

"Nitakuwa na amani, mama."

"Sawa. Nikiwa nimekaa pale jikoni kwako, mimi nitaona nini?"

Anafikiri kidogo. "Nitakunywa chai nimekaa. Siku hizi naimeza nimesimama, macho kwenye simu."

"Na kazini?"

"Ripoti ya mauzo nitaituma saa nane mchana. Sasa hivi naituma saa mbili usiku."

"Nani atakuwa wa kwanza kukushtukia?"

"Mama yangu. Ndiye anakaa na mwanangu. Atashangaa nimefika mtoto hajalala."

Amani haipigiki picha. Chai ya kukaa inapigika, na ripoti ya saa nane ina muda wake kwenye kompyuta. Hicho ndicho kipimo cha kutumia ukiwa peke yako na daftari: lengo langu likitimia, jirani akichungulia dirishani ataona ninafanya nini? Kama hataona kitu, bado ni lengo la maiti.

Swali la pili ni la namba. Sifuri hadi kumi, ambapo kumi ni asubuhi ile ya muujiza, leo uko wapi? Mhasibu anasema tatu. Mtu wa kawaida angeuliza kwa nini si kumi. Mnasihi anauliza kwa nini si sifuri, na hapo yanatoka mambo ambayo mteja hakuyahesabu: bado anakwenda kazini, Jumamosi iliyopita alicheka na shoga yake saluni, mwezi wa nne aliwahi kutuma ripoti mapema kwa sababu umeme ulitaka kukatika. Mambo hayo yanashikwa kwa mikono miwili, maana yanaonyesha kwamba uwezo upo. Kisha: ikiwa nne, itakuwaje? Nne tu. Mwenye ukamilifu atataka kuruka moja kwa moja hadi kumi, na akiruka ataanguka, na akianguka atasema tiba haifai.

Kuna fomula ya malengo ambayo maofisa wengi wameikariri kwenye semina, ile ya lengo kuwa mahususi, lenye kupimika na lenye muda. Ilichapishwa na George Doran mwaka 1981 kwa ajili ya mameneja, na kwa mameneja inafaa. Kwa mwenye ukamilifu ina hatari yake, kwa kuwa kila kipimo anakigeuza fimbo ya kujichapa. Kwa hiyo pima unachotenda. Matokeo yaliyo mikononi mwa wengine usiyafanye kipimo. "Nitatuma ripoti saa nane" ni lako. "Bosi asiirudishe ripoti" ni la bosi.

Ngazi ya mhasibu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza mhasibu anaeleza anavyoandaa ripoti, hatua kwa hatua, bila kuona haya. Excel inajumlisha. Anajumlisha tena kwa kikokotoo. Anachapa, anaweka tiki kwa penseli kwenye kila mstari. Anamwomba mwenzake wa dawati la jirani apitie. Anaandika barua pepe ya mistari mitatu kwa dakika arobaini. Anatuma. Kisha anafungua folda ya zilizotumwa na kuisoma tena, safari hii akiwa na hofu, kwa kuwa sasa hawezi kuirudisha. Kazi ya kweli ni saa moja na nusu. Zilizobaki ni ushuru anaoulipa kwa wasiwasi.

Ngazi inajengwa kutokana na ushuru huo. Kila kidato kinapewa alama ya hofu kati ya sifuri na mia. Chini kabisa, alama 20: kumjibu mwenzake WhatsApp bila kuyasoma tena aliyoandika. Juu yake, alama 35: barua pepe ya ndani ya ofisi, isomwe mara moja, itumwe. Alama 45: asifungue folda ya zilizotumwa hadi kesho yake. Alama 60: ripoti iende bila kikokotoo, maana Excel haijawahi kumdanganya. Alama 70: aulize kikaoni swali ambalo jibu lake halijui. Alama 85: ampelekee bosi rasimu ifikapo saa sita mchana, imeandikwa RASIMU juu, ikiwa na mapengo yake. Na kileleni, ripoti yenye dosari ya makusudi isiyomdhuru mtu: safu moja ya maandishi isiyonyooka, kichwa cha habari kisichokolezwa. Dosari ya sura tu. Tarakimu za watu hatuchezei.

Anaanza chini. Kidato kimoja kinarudiwa siku kadhaa mfululizo, hadi hofu ishuke au hadi imchoshe. Kufanya mara moja kwa mwezi hakusaidii, na kufanya huku ukishika magongo pia hakusaidii. Ukituma barua bila kuisoma lakini ukampigia mwenzako kumuuliza kama iko sawa, hujapanda.

Kabla ya kila kidato anaandika utabiri. Aaron Beck, aliyeanzisha tiba ya utambuzi mjini Philadelphia katika miaka ya 1960, aliwafundisha wagonjwa wake kuyachukua mawazo yao kuwa makisio yanayohitaji kupimwa. Kwenye daftari la mhasibu inasomeka hivi: "Nikituma bila kukagua kwa kikokotoo, bosi atairudisha kwa hasira. Nina uhakika asilimia 80." Jioni anajaza upande wa pili: bosi alijibu "Asante" baada ya saa moja. Ni vizuri. Kinachofundisha zaidi, hata hivyo, ni siku utabiri unapotimia. Siku ya Alhamisi ripoti inarudishwa: mstari wa bandari umeandikwa mara mbili. Moyo unaruka, masikio yanachemka. Mnasihi anamuuliza wiki inayofuata, "Na baada ya hapo?" Baada ya hapo alirekebisha kwa dakika sita, akaituma, bosi akaenda kula. Alikuwa ameyakwepa makosa kwa miaka, kumbe hakuwahi kuona yanaishaje.

Albert Ellis, mzee mwingine wa fani hii, alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka 19 alikuwa anaona haya kupita kiasi mbele ya wanawake. Akajilazimisha, kwa mwezi mmoja, kuzungumza na kila mwanamke aliyemkuta amekaa peke yake kwenye benchi katika bustani ya mimea ya Bronx, New York. Kwa maelezo yake mwenyewe alizungumza na mia moja. Mmoja tu alikubali kukutana naye tena, na huyo hakutokea. Haya ikamwisha hata hivyo.

Kuweka mpaka wa kutosha

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, ukamilifu huvaa sura ya uvivu. Sura ya pili ina miezi mitano kwenye kompyuta, msimamizi anamuuliza, yeye anajibu "inakaribia, daktari," na kila akifungua faili anasahihisha aya ya kwanza. Ndugu wanamwona mzembe. Ukweli ni kwamba anaogopa karatasi isiyolingana na ile iliyo kichwani mwake.

Dawa yake ni kuamua kazi inaishia wapi kabla hajaianza, na kuamua kwa maandishi. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mtu hutimiza zaidi akipanga kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya vile" kuliko akinuia tu. Basi: ikifika Ijumaa saa tisa, nitampelekea msimamizi kilichopo, hata kama kurasa mbili ni vichwa vya habari tu. Nikishakagua mara ya pili, nafunga faili.

Pia si kila kitu kinastahili ukaguzi sawa. Dozi ya mgonjwa, breki za basi, mishahara ya watu: kagua mara tatu, na usimwonee mtu haya. Mapazia, kadi ya mwaliko, ujumbe wa sauti kwa shangazi, pilau la wageni wa ghafla: inatosha ikiwa inatosha. Mwenye ukamilifu huvipa vyote uzito mmoja, na ndiyo maana kile chenye uzito wa kweli hukikuta ameshachoka. Gawa orodha yako ya wiki katika mafungu hayo mawili. Fungu la kwanza likizidi mambo matatu, umejidanganya.

Usiku na watu wa nyumbani

Wasiwasi wa saa nane za usiku una mbinu yake, iliyofanyiwa utafiti mapema miaka ya 1980 na Thomas Borkovec na wenzake katika Chuo Kikuu cha Penn State. Unatenga nusu saa ya kuhangaika, saa ile ile kila siku, kiti kile kile, mbali na kitanda. Tuseme saa kumi na moja jioni. Wazo likija nje ya muda huo, unaliandika kwa maneno matatu na kuliambia lisubiri. Saa yake ikifika, unakaa nayo yote na kalamu: hili lina la kufanya kesho, hili halina. Mengi yanakuwa yamechakaa kabla hayajafikiwa. Inachukua majuma kadhaa kuzoea, na mwanzoni utajiona mjinga.

Kupumua polepole kunasaidia mwili utulie, hasa ukirefusha pumzi ya kutoa. Fanya asubuhi na jioni kama mazoezi. Ukikufanya sharti la kuingia kikaoni, kumeshakuwa gongo jingine.

Halafu nyumbani. "Baba Asha, hivi jana niliongea vibaya mbele ya mama yako?" Mume anajibu hapana. Baada ya robo saa: "Una hakika?" Anajibu tena, kwa mapenzi, na kila jibu linaamsha swali lingine. Kaeni siku ya utulivu mkubaliane maneno: "Hilo tulikubaliana nisilijibu, mama Asha. Njoo tule." Yasemwe kwa upole, bila kejeli. Mara za mwanzo itauma pande zote mbili.

Mgonjwa mwema kupita kiasi

Mnasihi mwenye uzoefu anamjua mwenye ukamilifu kwa daftari lake. Linakuja limepigwa mistari kwa rula, rangi tatu za kalamu, hakuna siku iliyokosekana. Anataka kupata A kwenye tiba. Akikosa zoezi moja anaahirisha miadi, kwa aibu. Huyu hupewa kazi ya nyumbani ya ajabu: wiki hii andika kwa penseli, mwandiko mbaya, na siku moja uache makusudi. Wapo wanaolia kwa zoezi hilo kuliko lolote lingine.

Kwa sababu hiyo hiyo, wewe na mnasihi wako chukueni ile namba ya sifuri hadi kumi kila wiki, na mjiandae ishuke. Mhasibu alifika sita mwezi wa pili wa tiba, kisha wakaguzi wa hesabu wakaja, akarudi nne. Atasema amerudi mwanzoni. Si kweli, alianza tatu, na nne ya sasa ameifikia akiwa na wakaguzi mezani. Uliza nini kimemshikilia kwenye nne. Jibu la swali hilo ndilo mpango wa mwezi ujao. Na kukua kwa mtu huonekana pale wasiwasi ulipokuwa umeziba: amejiunga na kwaya, ameomba kazi ya juu zaidi, amemwambia kaka yake mwezi huu hana. Bado moyo unamwenda mbio. Anakwenda nao.

Pa kwenda

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 359 walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na takriban mmoja tu kati ya wanne wenye hali hiyo hupata tiba. Wataalamu ni wachache, lakini njia hii haihitaji shahada tatu. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mtaani kuwasikiliza watu kwenye benchi la nje ya zahanati: mgonjwa anataja shida zake, wanachagua moja, wanapanga hatua moja, anarudi kueleza. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 2016 na yalikuwa mazuri. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. Mwaka huo huo wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vitano vya aina hiyo, ambao ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa kawaida waliofunzwa.

Kabla ya hapo, pima mwili. Moyo kwenda mbio pamoja na kukonda huweza kuwa tezi ya shingo. Upungufu wa damu nao huleta mapigo ya haraka. Na kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu au miraa vinaweza kutengeneza wasiwasi pale usipokuwapo. Na kama mawazo ya kufa yanakujia, usisubiri ngazi wala daftari: mwambie mtu leo, asikuache peke yako, mwende hospitali iliyo karibu. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi si za "vichaa" tu kama tulivyotishwa utotoni.

Ukimpata mnasihi, muulize siku ya kwanza: "Tutajuaje kwamba nimefika mahali pa kukuaga?" Akikujibu kwa mambo yanayoonekana kwa macho, kaa. Akikwambia utajisikia tu, mshukuru na utafute mwingine.